Filamu ya Shoto

Mtaa mzima ulijua kwamba Shoto alizikata picha zake mwenyewe. Magazeti yaliandika, redio ikatangaza, na walimu wa uchoraji wakawa wanawaambia wanafunzi wao kuwa msanii wa kweli ni yule mwenye moyo wa kuharibu kile alichokitengeneza. Ndiyo dunia. Uongo ukivalishwa viatu hufika mbali, na ukweli unabaki nyumbani pekupeku. Maana Shoto hakukata hata picha moja. Aliyezikata ni mkewe, fundi cherehani wa ile nyumba ya kona, mwanamke mpole ambaye akikuona njiani na suruali yenye pindo lililofumuka anakuingiza ndani, anakupa shuka ujifunge, na hakuachii mpaka amalize.

Waliolijua jambo hilo walikuwa watu wawili, na mmoja alikwisha kufa.

Basi Fundi, tumwite hivyo kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na kila mtu, hata na mumewe walipokuwa wamenuniana, alikaa na siri hiyo miaka ishirini na miwili. Kwa watu wa nje haikumsumbua. Watu wa nje husema wakachoka wakaenda zao. Ilimsumbua kwa mtu mmoja tu, binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi siku picha zilipokatwa. Mojawapo baba yake alikuwa amemwahidi kuwa ni yake, ya kutundika juu ya kitanda, na alipovikuta vipande sakafuni alimwuliza baba yake kwa nini. Baba akajibu, "Nimekata mwenyewe. Sikuzipenda." Tangu hapo mtoto hakumwita baba tena. Akakua akimwita "yule mtu wako." Shoto alipougua huko mji wa mbali alikohamia, alimtuma dereva wa lori mara mbili aje amwambie binti yake kwamba anaomba kumwona. Mara zote mbili Binti alisema hataki, na mara zote mbili Fundi alikuwa amekaa pale pale kwenye cherehani yake, na hakufungua mdomo. Shoto akafa. Imepita miaka sita sasa.

Mama na binti walifanya kazi chumba kimoja, cherehani mbili zimetazamana chini ya dirisha moja. Mama akichoka macho, binti anamtungia uzi kwenye sindano. Binti akikosea kola, mama anaifumua bila kusema neno. Ukiuliza Fundi aliogopa nini maishani, hakuogopa wezi wala kifo. Aliogopa hiyo cherehani ya pili inyamaze.

Na hapo ndipo filamu ilipobisha hodi.

Aliyefungua mlango ni Binti. Alisimama kizingitini akasikiliza, halafu akaita bila kugeuka, "Mama, kuna wageni. Wanataka kutengeneza filamu ya yule mtu wako."

Mwongozaji wa filamu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, daftari kalibana kwapani, mtu mwenye adabu ya kukuketisha ndani ya nyumba yako mwenyewe. Alieleza kwamba wanataka maisha yote ya Shoto, na ndoa yake, na ugomvi wake, na ile siku ya picha.

"Hatutaki kubuni, Mama," akasema. "Tunataka yale yale. Nyumba ile ile, vyombo vile vile, na wewe ukae kando utusahihishe tukikosea."

"Mimi filamu sizijui."

"Lakini Shoto unamjua."

"Nani anamjua mumewe," Fundi akasema, na wageni wote wakacheka. Yeye hakucheka.

Angekataa. Lakini mtu anayekataa kuulizwa ndiye anayeulizwa zaidi, na kabla hajapata neno la kukataa nalo, Binti alikwisha kusema, "Waache waje, Mama. Watu wamwone alivyokuwa." Binti huyo huyo akakubali hata kuwashonea waigizaji nguo zao. Fundi akajiona kama mtu aliyefungiwa mlango kwa ufunguo wake mwenyewe.

Jirani yao seremala, mzee aliyeitwa Misumari, ndiye aliyekuwa akimtengenezea Shoto fremu za picha zamani. Aliposikia habari alikuja na kucheka kwake kwa mapengo.

"Shemeji, sasa utakuwa nyota. Ukipita tutakupangia foleni tukuombe sahihi."

"Anza wewe kunirudishia kigoda changu, ndipo uombe sahihi."

"Kigoda nimekikalia miaka minane. Kimeshanizoea."

"Basi na mimi sahihi yangu imeshanizoea."

Wiki ya kwanza ilikuwa nyepesi, kwa sababu walianza na yale mazuri. Fundi aliwaeleza jinsi Shoto alivyoingia dukani kwake mara ya kwanza, kijana mrefu mwenye rangi kwenye nyusi, akavua shati akaliweka mezani akasema, "Nihamishie huu mfuko. Umewekwa upande wa watu wengine." Maana Shoto alikuwa shoto wa kupindukia. Mkono wa kulia ulikuwa kama mgeni mwilini mwake, haukushika kijiko, haukugeuza ufunguo, na vifungo vya shati ulishindwa kuvifunga. Shuleni walimu waliuchapa ule wa kushoto mpaka wakachoka wao. Hata kitambaa hakukikata kwa mkasi. Alikuwa anauma ukingo kwa meno, halafu anachana kwa mikono, krrr, mara moja, na marekani, ile pamba nyeupe nzito, ukijua kuichana hufuata uzi wake ikanyooka. Mlio huo Fundi aliusikia ndotoni miaka na miaka.

Mwigizaji aliyechaguliwa kuwa Shoto alibandikwa ndevu, na watu wake wakawa wanamwita Ndevu. Alijisifu kwamba amejifunza kutumia kushoto miezi mitatu mizima, kula, kuandika, kupiga mswaki.

"Hata kujikuna, Mama. Ukiniona najikuna kwa kulia nikate posho."

Wakapiga sehemu ya ugomvi wa mtaroni, na mtaa mzima ukaja kutazama kwa sababu kila mtu aliikumbuka. Shoto alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa. Akiona kitambaa cheupe, lazima akichore. Alichora vitambaa vya meza, alichora shuka, alichora mlango ulipokosekana kitambaa. Na kitambaa cheupe nyumbani kwa fundi cherehani ni cha wateja. Siku moja alichora ng'ombe kwenye bitana ya koti la mwalimu mkuu, ng'ombe mzuri, amelala, na mwalimu mkuu hakumwona mpaka alipolivua mbele ya mkutano wa wazazi. Ndipo Fundi alipozimwaga rangi zote mtaroni, nyekundu, kijani, bluu, zikateremka mpaka nyumba ya sita, bata wa watu wakatoka rangi tatu. Shoto naye akaitupa pasi ya mkaa barabarani. Usiku wakapatana, asubuhi wakaanza tena. Ndiyo ilikuwa ndoa yao. Ukiwaacha pamoja wanaumizana, ukiwatenga wanakonda.

Watu walicheka, Ndevu alichekesha, hata Binti akatabasamu juu ya cherehani yake. Lakini Fundi alikuwa anahesabu siku. Kwenye ukuta walikuwa wamebandika karatasi ya ratiba, na kwenye mstari wa Alhamisi ya wiki ya pili paliandikwa: *Shoto anakata picha.*

Tuseme sasa jinsi ilivyokuwa.

Hospitali ya mji ilimpa Fundi kazi ya mapazia ya wodi nzima. Haikuwa kazi ndogo. Mpaka siku hiyo alikuwa fundi wa mapindo na vifungo, na hii ilikuwa mara ya kwanza mahali pakubwa kumwamini. Wakamletea jora zima la marekani, jeupe, limepigwa chapa ya kiwanda kila baada ya hatua. Kabla hajalifungua, shangazi yake aliyemfundisha kazi akaugua, naye akaenda kumwuguza siku nne. Aliporudi mchana wa siku ya tano, pembeni mwa chumba palikuwa na ule ubao tu unaozungushiwa jora. Ukutani zilikuwa zimeegemezwa fremu nane, kubwa kama milango. Shoto alikuwa na desturi ya kuzigeuza picha mbichi zitazame ukuta, vumbi la barabara lisishike rangi. Kwa hiyo Fundi hakuona picha. Aliona migongo yake. Aliona marekani yake, na chapa ya kiwanda katikati.

Shoto alikuwa ametoka kutafuta gari la kuzipeleka kwenye maonyesho, maonyesho yake ya kwanza.

Fundi hakupiga kelele. Alichukua mkasi wake wa kazi, ule mzito wa shangazi, akazikata kutokea nyuma. Na la ajabu ni kwamba alipima. Futi ya kamba ilikuwa shingoni, na mkono wa fundi haujui kukata ovyo hata ukiwa na wazimu. Mita mbili kasoro robo, mita mbili kasoro robo, kama oda ya hospitali ilivyosema. Alipofikia fremu ya nane hasira ilikuwa imemtoka, lakini akaikata vilevile, kwa sababu kazi ilikuwa imebaki kidogo. Hiyo ya nane ndiyo iliyomtesa kuliko saba zote.

Kisha wakaingia wote kwa pamoja, Shoto, mtu wa maonyesho, na Binti akitoka shule na mkoba mgongoni. Shoto akavitazama vipande. Akamtazama mkewe. Akautazama mkasi mezani. Na mtu wa maonyesho alipouliza ni nini hiki, na Binti akauliza kwa nini, Shoto ndiye aliyejibu.

Je, alimfichia mkewe aibu, au alijifichia mwenyewe, asiwe mwanamume aliyekatiwa picha na mke? Fundi hakumwuliza. Wiki tatu baadaye Shoto aliondoka na begi moja. Huko alikokwenda, ile habari ya kukata picha ndiyo iliyomfungulia milango. Watu wakamwogopa, wakamheshimu, wakanunua. Labda yote mawili, Fundi alikuwa akijiambia. Labda yote mawili.

Jumatano, siku moja kabla, mchoraji wa kikundi cha filamu alikuja na kalamu. Alikuwa anatengeneza picha nane za kukatwa, na alitaka kujua za kweli zilichorwa nini.

"Mama ndiye anayejua," akasema mwongozaji.

Fundi akavuta uzi. Alikuwa anatia pindo gauni la mtu.

"Siku nyingi," akasema.

"Hata moja, Mama?"

Binti akaacha kushona. Akazitaja zote, moja moja, kama anayesoma orodha ya darasa. Mafundi viatu watatu na kiatu kimoja. Foleni ya ndoo bombani, watu hawapo. Mzee Misumari amelala juu ya mbao. Akaendelea hadi ya saba. "Ya nane ilikuwa yangu," akasema. "Nimesimama juu ya kigoda, napimwa gauni."

"Nani anakupima?" mchoraji akauliza.

"Mama. Lakini mikono yake tu ndiyo inaonekana, na ile futi."

Sindano ya Fundi ikasimama. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kujua ile ya nane ilikuwa nini.

Binti alikuwa anamtazama. "Kweli umesahau, Mama?"

"Macho yangu ya siku hizi," Fundi akasema. Jibu hilo halikuwa na maana yoyote, na wote wawili walilijua.

Alhamisi saa nne asubuhi chumba kilijaa nyaya na taa mpaka hewa ikawa ya kugawana. Picha nane zikaegemezwa ukutani. Mwongozaji alikuwa ameuomba mkasi wenyewe, na Fundi aliutoa. Angeunyima kwa sababu gani? Alikalishwa kwenye kiti nyuma ya kamera. Binti alisimama kando yake na pini mdomoni, maana shati la Ndevu lilikuwa linavuta begani. Misumari alikuwa mlangoni, amekatazwa kucheka.

"Kimya," akasema mwongozaji. "Tunaanza."

Ndevu akaingia, akazitazama picha, pumzi ikampanda. Alikuwa anajua kazi yake yule mtu. Ndevu akaushika mkasi kwa mkono wa kushoto, kama alivyofundishwa, akauchomeka kwenye picha ya kwanza, akakaza.

Kitambaa kikajikunja katikati ya visu viwili. Hakikukatika.

Akakaza tena. Kikajikunja tena, kikabanwa humo ndani kama ulimi.

"Simama," akasema mwongozaji. "Tena."

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Ndevu alitumia nguvu mpaka jasho likaanza kulegeza gundi ya ndevu, na kitambaa kikararuka kidogo tu, kwa kuvutwa, siyo kwa kukatwa. Mtu mmoja akacheka. Ndevu akauinua mkasi akautazama kwa chuki.

"Huu mkasi ni butu."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila swali. Wiki mbili alikuwa amejibu kila kitu kichwani mwake, akaliweka kila jibu mahali pake. Lakini hakujiandaa kusikia mtu akiutukana mkasi wa shangazi yake, ambao aliunoa kila Jumatatu tangu akiwa msichana. Kuna mambo fundi hayapitishi.

"Mkasi wangu haujawahi kuwa butu," akasema. "Ni mkono. Huo ni mkasi wa kulia, ukiushika kwa kushoto visu vinaachana. Hata ungekuwa na nguvu za ng'ombe haukati."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia.

Wengi chumbani hawakuelewa chochote. Mpiga picha alikuwa anafuta kioo cha kamera. Mwongozaji aliandika kitu kwenye daftari. Lakini Binti alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wa pini mkononi mwake. Akaenda, akauchukua mkasi kwa Ndevu, akaushika kwa kulia, akakata. Kitambaa kilifunguka kama maji. Akauhamishia kushoto, akakata. Kikajikunja. Akausimamisha pale pale, akautazama.

"Hamna shida," akasema mwongozaji. "Tumpe kisu. Kisu kinapendeza zaidi kwenye kamera, kina hasira. Eti, Mama, kisu si sawa?"

Ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi. Fundi angesema ndiyo, na filamu ingeendelea.

"Siyo kisu," Binti akasema. "Vile vipande nilivikanyaga mimi kwa miguu yangu. Vilikatwa kwa mkasi. Vilinyooka, na kingo hazikuwa na nyuzi za kuchanika." Akageuka. "Mama, alikuwa anaweza kushika kitu kwa kulia?"

Fundi alimwona mwanawe anavyosubiri. Halafu akaona kitu kingine, kwamba Binti alikuwa anamwomba. Sema aliweza, yale macho yalikuwa yanasema. Sema siku hiyo alishika kwa kulia, nikuamini, tushone.

"Hakuweza," Fundi akasema. "Hata kifungo, nilikuwa namfunga mimi."

"Na mkasi?"

"Hakuwahi kuushika. Alikuwa anachana."

"Najua alikuwa anachana. Nilikuwa namsikia." Sauti ya Binti ilikuwa ndogo. "Mimi ni fundi, Mama. Miaka kumi na minne niko kwenye kazi hii. Sijawahi hata siku moja kukaa nikajiuliza alikatia nini."

"Mtu hakipimi kitu anachokichukia."

"Nani alizikata?"

Ndevu alikuwa anatazama viatu vyake. Pale mlangoni Misumari alivua kofia, sijui kwa nini.

"Mimi," Fundi akasema. "Zilikuwa kwenye marekani ya hospitali. Nilizikata kutokea nyuma, sikuzitazama, wala vipande sikuvigeuza. Yeye alisema ni yeye kabla sijasema, na mimi nikamwacha aseme."

Taa ilikuwa inalia, kile kilio chembamba cha taa kubwa.

"Dereva alipokuja mara ya kwanza," Binti akasema, "nilisema simtaki, ulikuwa umekaa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Alipokuja mara ya pili, akasema mgonjwa hawezi tena kusimama. Nikasema nini?"

"Mwanangu."

"Nikasema nini, Mama?"

"Ulisema akaziombe radhi zile picha."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natia pindo," Fundi akasema.

Binti aliuweka mkasi juu ya meza, taratibu, ncha ikitazama ukuta, kama anavyofundishwa kila anayejifunza kazi. Akachukua mtandio wake. Misumari alimpisha mlangoni na akataka kusema kitu cha kumtuliza, akasema, "Binti, jua kali," na hilo ndilo lote alilopata.

Kazi ya filamu ilisimama siku ile na siku mbili zilizofuata. Cherehani ya pili ilikaa na kifuniko chake. Fundi alikuwa anainua macho kila mara, mazoea tu, na kuyashusha. Wateja waliokuja aliwahudumia. Mmoja alimwuliza Binti yuko wapi, akasema ametoka kidogo.

Mwongozaji alikuja peke yake, bila daftari. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui kama ni cha kuchukua.

"Mama, tunaweza kuiacha kama watu wanavyoijua," akasema. "Waliosikia ni sisi tu. Nitawaambia wanyamaze, na watanyamaza."

"Ulisema hutaki kubuni."

"Nilisema. Lakini wewe unaishi hapa. Kesho ukienda dukani, watu watakutazama."

"Waliniona nikimwaga rangi, wakacheka. Na hili wataliona." Fundi alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja. "Yeye alibebeshwa la kwangu mpaka kaburini. Pigeni filamu ilivyokuwa. Lakini msimfanye yule dada wenu anayekuwa mimi apige mayowe. Sikupiga mayowe. Nilipima."

Jumapili alasiri Binti alirudi. Alikuwa amekaa kwa rafiki yake. Hakuketi kwenye cherehani. Alisimama katikati ya chumba, na begi.

"Naenda alikozikwa," akasema. "Basi la saa kumi."

"Nikusindikize?"

"Hapana."

"Sawa."

"Sijui nitakaa siku ngapi. Nikirudi utaniambia yote, kuanzia mwanzo. Usinirukie kitu."

"Sitaruka."

"Hata ya aibu."

"Hayo ndiyo mengi, mwanangu."

Kwa nukta moja Fundi alidhani amemwona anataka kucheka. Labda alijidanganya. Binti aliinua begi, akaenda hadi mlangoni, akasimama.

"Gauni la yule dada anayekuwa wewe halijaisha," akasema, mgongo ukiwa umegeuka. "Wanapiga kesho asubuhi. Nimelikata, sijaunga mikono."

"Nitaunga mimi."

Binti akatoka. Fundi alimsikiliza mpaka viatu vikapotea kwenye kokoto za barabarani. Kisha alinyanyuka, akaenda upande wa pili wa chumba, akatoa gauni chini ya kile kifuniko cha cherehani. Lilikuwa la kahawia, kama lile alilovaa yeye siku ile. Binti alilikumbuka, na yeye alikuwa amelisahau mpaka alipoliona. Alilitandaza mezani akalipima kwa macho. Kazi nzuri, hakuna mshono uliokwenda kombo. Isipokuwa kwapani. Kwapa la kulia lilikatwa jembamba mno, na mwanamke mwenye gauni hilo angekwama mkono kabla hajafika katikati ya picha ya kwanza.

Akatafuta kiwembe, akalifumua, akaanza kulipa nafasi.